Yasin Moja Hadi Lamu

Shoga, uko wapi? Shika simu! Bi Shekha leo almanusura afe angani!

Si wajua mwanawe Tumu yuko Lamu, uchungu umemshika, mimba ya kwanza? Barabara ya Witu mama anaiogopa, magari hushambuliwa, akasema atapanda ndege. Hajapanda tangu azaliwe. Nikamtia moyo: "Kutoka Malindi ni hapo tu. Wasoma Yasin moja, ukimaliza mwashuka."

Mimi niliyesema hayo. Mdomo huu!

Basi akafunga mkanda, akafumba macho, akasoma. Akamaliza. Kufumbua, mawingu matupu! Akaanza ya pili. Ndege yazunguka tu, yatikisika kama chekeche. Bhikhubhai wa duka la vitambaa, mwanamume mzima, kamng'ang'ania mkono: "Mama, nisomee na mimi!" Bhikhubhai, shoga, Mhindu! "Nisomee na mimi!"

Ya tatu ikamkwama kooni. Sura aijuayo tangu utotoni, chuo cha Kurani, yote ikamtoka kichwani. Akajua ndio basi, Tumu hatamwona tena.

Wakatua. Bi Shekha akabusu lami, akauliza, "Boti ya kunivusha kwa Tumu iko wapi?"

Ni Malindi, shoga! Mvua imefunga Lamu, rubani kawarudisha. Bi Shekha kuniona mlangoni pa uwanja, nilikomsindikiza, kanitazama kama aliyeona jini.

Sasa wanaita abiria tena. Nimemsihi angoje kesho. Hataki, kashika begi.

"Mwanangu yuko peke yake," asema. "Hebu nianzishie Yasin. Mwanzo wake haunijii."