Neno la Mlangoni

Krishnanagar, 3 Agosti

Ketaki mama, binti yangu, hujambo? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Sanamu ya udongo ya Durga, mungu wetu wa kike, ninayoifinyanga imepasuka kifuani mara tatu. Nasikia kazi yako huko Kolkata ni kutazama udongo ukipasuka. Ungebaki hapa ungetazama hadi uchoke.

Mkono unatetemeka. Nani atamchora macho siku ya Mahalaya, siku Durga anapofunguliwa macho?

Baba yako


Kolkata, 20 Agosti

Baba, nagusa miguu yako. Nayagusa kwa heshima, na magoti yapake mafuta ya haradali. Durga mkaushie kivulini, na uongeze maganda ya mpunga.

Mimi natandaza udongo laini kwenye sahani, nachomeka waya katikati, napitisha umeme. Udongo ukikauka, nyufa huanzia kwenye waya. Juzi nilipitisha umeme kidogo tu, nikazima. Kesho yake, bila umeme, udongo ukapasukia palepale. Udongo ulikumbuka, Baba.

Maabara moja ya Ujerumani imeniita. Sijajibu.

Ulisema mbele ya mafundi wako wa sanamu kwamba mkono wa mwanamke hauchori macho ya Durga. Miaka sita, sijasahau.

Mwanao Ketaki


Krishnanagar, 12 Septemba

Mama, magoti yana nafuu. Nilisema, na nilikosea. Haya, nimeandika, kaa nayo.

Lakini na wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, naenda." Kwetu nani husema hivyo, isipokuwa asiye na nia ya kurudi? Anayeondoka husema "nakuja". Neno dogo kama umeme wako, na nyumba hii inapasukia hapo mpaka leo. Nina upweke, Ketaki. Macho ya Durga nimekuachia wewe.

Baba yako


Kolkata, 22 Septemba

Baba, nagusa miguu yako. Nimesoma nikalia. Nimeshaamua, na mengine siwezi kuyaandika. Safari hii neno la mlangoni nalisema vizuri, kama unavyotaka: Baba, nakuja.

Ketaki wako


Krishnanagar, siku ya Mahalaya

Mama, u mzima? Umekwama wapi? Tangu asubuhi nilikuwa stesheni, treni tatu za Kolkata zimepita, sasa nimerudi nyumbani. Samaki wa ilishi nimempika na haradali, amepoa. Mafundi wananicheka: "Mzee, mkwe gani huyo unayemngoja?" Nimechora jicho moja, limepinda. La pili lako. Kamati ya mtaa inamchukua Durga kesho, lakini nimewaambia wangoje, umesema unakuja.

Baba yako


(Barua hii ilirudi Krishnanagar. Karani wa maabara ya Kolkata aliandika juu ya bahasha: Amehamia Ujerumani, 26 Septemba.)