Baba Anasema Injini ya Drafti Imeharibika, Mume Wangu Anasema ni Nzima

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nikikaa kimya naharibu na nikisema naharibu, na nyumbani kwangu sasa hivi hata chumvi inaombwa kwa ishara.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji ya kunywa. Baba yangu ni dereva wa lori mstaafu, na kuna mambo mawili anayojivunia bila aibu: kwamba hajawahi kupindua gari, na drafti. Drafti alijifunza akisubiri mizigo kwenye maghala, akanifundisha na mimi tangu nikitumia vifuniko vya soda badala ya kete, na pale klabuni kwao, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hakuna asiyemjua, kwa sababu yeye ndiye aliyeutunga mtego unaoitwa Kisima. Kisima ni mpangilio fulani wa kete ambao ukishauingia, kwa maneno yao, hutoki. Unajiona una kete sawa na mwenzako, umekaa vizuri kabisa, halafu baba anakumaliza taratibu mpaka unatokwa jasho. Watu hutoka mitaa mingine kuja kumwomba awaonyeshe.

Sasa mume wangu ni fundi kompyuta. Klabu ilipopewa kompyuta iliyotumika na skrini kubwa ya ukutani, mwenyekiti alimwomba awawekee injini ya drafti, yaani ile programu inayofikiri: unaiwekea kete kama zilivyo ubaoni, yenyewe inapiga hesabu na kukuambia nani anashinda na ni kete gani isogezwe. Mume wangu aliiweka, akaiwasha, ikafunguka, akasogeza kete moja nayo ikamjibu, akafunga begi lake. Yeye drafti haijui, Shangazi, hata kete zinavyopangwa alimwuliza mwenyekiti. Lakini alisimama mbele ya watu akasema, "Mashine imepimwa, iko sawa asilimia mia."

Baba ndiye aliyeomba, tena kwa furaha, iwekewe Kisima. Nadhani alitaka kuiona mashine nayo ikisalimu amri. Kete zikapangwa, injini ikapiga hesabu, skrini ikaandika sifuri. Mwenyekiti akauliza sifuri maana yake nini, mume wangu akasoma maelezo akasema, "Maana yake hakuna anayeshinda. Ni sare."

Chumba kizima kikamgeukia baba. Baba akacheka kidogo, akasema, "Mkwe, chombo chako kimeharibika."

Na hapo mume wangu angesema tu ngoja nikiangalie, yangeisha, lakini kuna vijana walikuwa wamecheka, naye alishatamka asilimia mia, akajibu, "Mzee, mashine haina upendeleo. Labda Kisima ndicho chenye nyufa."

Baba akachukua kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo haji kwetu, simu yangu anapokea lakini akisikia sauti ya mume wangu kwa nyuma anasema yuko njiani, mtu aliyestaafu, njiani anakwenda wapi? Mume wangu naye ameapa kwamba akiambiwa aiondoe injini ataiondoa na hatakanyaga tena pale. Na wote wawili wamenifanya mimi hakimu. Baba anasema, "Wewe unaijua drafti, mweleze mumeo." Mume wangu anasema, "Wewe unajua vipimo, mweleze baba yako."

Basi nikaomba ufunguo kwa mwenyekiti, wakati wa mapumziko ya mchana nikaenda peke yangu. Nikaiwekea Kisima, nikaiacha icheze mpaka mwisho nione inatokaje. Ikacheza vizuri, halafu katikati kete yake ya kawaida, siyo kingi, ile iliyofika mwisho wa ubao ikapata nguvu, kete tu, ikarudi nyuma ikala. Shangazi, drafti yetu kete ya kawaida haili kinyumenyume. Nikafungua mipangilio, nikakuta injini inacheza kwa sheria za watu wengine kabisa, ambao kete zao hula mbele na nyuma, na sheria zetu zimo humohumo, ila hakuna aliyezichagua. Nilipiga makofi peke yangu. Nikasema kumbe baba alikuwa sahihi, mashine ilikuwa inacheza mchezo mwingine.

Nikabadilisha sheria. Nikaiwekea Kisima tena. Ikapiga hesabu, ikaandika sifuri.

Nilidhani haijapokea mabadiliko, nikaizima nikaiwasha, sifuri. Nikaiacha icheze tena mpaka mwisho. Safari hii haikula nyuma hata mara moja. Ilitoa kete mbili bure, moja baada ya nyingine, kitu ambacho mtu akiwa ndani ya Kisima hakifanyi, maana pale unashikilia kila ulichonacho, na kwa kuzitoa hizo ikapata upenyo wa kuingiza kingi, na kingi hiyo ikakaa kwenye ule mstari mrefu wa kona hadi kona, na kama wewe si mtu wa drafti nikuambie tu kwamba kingi ikikaa pale haikamatwi, mtazungushana mpaka mpeane mikono. Nilijaribu kumshindia baba kwa kila njia aliyonifundisha yeye mwenyewe. Sare.

Kwa hiyo mume wangu alitangaza uzima wa mashine ambayo haikuwa nzima, na Kisima cha baba kina mlango, na anayejua yote mawili ni mimi tu. Jumamosi wanakuja wageni wa klabu nyingine. Baba amekubali kurudi kwa sharti kwamba atakionyesha Kisima mbele yao na mashine iwashwe "ili iumbuke," na mume wangu anasema, "Iwashwe tu, tutaona nani ataumbuka." Nikimwambia baba habari ya sheria peke yake, atafurahi, mume wangu ataaibika, halafu Jumamosi baba atasimama kifua mbele na skrini itaandika sifuri ileile. Nikimwambia yote, nitakuwa nimemnyang'anya kitu chake. Nimefikiria pia, nisamehe, kuirudisha ile mipangilio ya zamani na kuwaonyesha watu kete inakula nyuma, ili kosa libaki la mashine na baba apone. Nielekeze, nimwambie nani, na kwa maneno gani?

Niliyekaa Katikati ya Ubao

*

Marahaba, mwanangu. Gazeti hili linatoka baada ya Jumamosi yako, kwa hiyo nilikupigia simu. Kwa ruhusa yako naandika hapa niliyokuambia, pamoja na yaliyofuata.

Nilianza kwa kukugombeza, na narudia. Uliniambia kwamba kazini kila asubuhi, kabla hamjapima maji ya mtu yeyote, mnaipima kwanza mashine yenyewe kwa maji ambayo tayari mnajua yana nini. Sasa ulipofika klabuni akili hiyo uliiacha getini? Kisima ndicho kinachobishaniwa, nawe ukakifanya kipimo. Mumeo aliona imewaka, akasema ni nzima. Wewe ukarekebisha jambo moja, ukajaribu mpangilio mmoja, ukasema sasa ni nzima. Mnafanana kuliko unavyotaka kukubali. Kitu kinaweza kuwaka, kikajibu upesi, kikaandika namba nzuri, na bado kikawa kinacheza mchezo wa watu wengine. Hilo umeliona kwa macho yako.

Na lile wazo la kurudisha mipangilio ya zamani, lifute kabisa. Usiite huruma. Ni kumsimamisha baba yako mbele ya wageni juu ya kosa ulilolipanga wewe, na siku atakapojua, hatakumbuka mashine, atakukumbuka wewe.

Pole lakini. Kuvunja hoja ya mtu kwa mbinu alizokufundisha yeye mwenyewe si jambo jepesi, na hukulitafuta.

Nikakupa kazi. Mumeo kwanza, siku hiyohiyo, watoto wakiwa nje: umwambie sheria zilikuwa za wengine, alitangaza kabla ya kupima, na maneno hayo atayapeleka kwa mzee kwa kinywa chake. Kisha baba. Kwa baba usiende na jibu, nenda na mashine, umwombe yeye aipime, maana hakuna mwingine pale mwenye mipangilio mingi ambayo jibu lake linajulikana na halina ubishi. Kisima kije mwisho kabisa, kwa ubao wa mbao na mikono yenu, na baba akae upande wa anayetumbukia.

Mumeo alikasirika, ukasema. "Kwa hiyo unamtetea baba yako?" Ukamfungulia mipangilio akasoma mwenyewe, akasema, "Ningeulizaje, wakati sikujua kwamba hilo ni la kuuliza?" Swali zuri, na jibu lake ni fupi: asiyejua mchezo humwita anayeujua, kabla ya kutamka asilimia mia. Lakini alikwenda, na nampa heshima yake. Alibeba kompyuta yake ndogo yenye injini ileile, na kabla hajakaa akasema, "Mzee, niliiweka kwa sheria zisizo zetu, nikasema imepimwa wakati sijaipima. Nisamehe."

"Nilijua," akasema baba yako, akavuta kiti.

Akaipima. Akaiwekea miisho ya mchezo aliyoijua tangu enzi za maghala, ile inayoshinda na ile isiyoshinda. Akaiwekea kete ya kuitamanisha irudi nyuma kula, haikula. Akaiwekea mtego wa kitoto kuona kama itajitia ujuaji. Yote ilijibu sawa, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Hii inajua." Na wewe uliona kwamba Kisima hakukiomba.

Ukapanga ubao. "Baba, leo kaa upande huu."

"Upande huu sijawahi kukaa," akasema.

Mtego autunge yeye, aufundishe mtaa mzima, na upande wa pili asiukae hata siku moja! Akakaa, akashikilia kete zake kama wote wanavyoshikilia, ukamfunga kwa mtego wake mwenyewe. Mkarudia. Ukamwambia, "Toa hiyo." Akauliza, "Niitoe bure?" Akaitoa. Ya pili hukumwambia. Aliitazama sana, akaitoa mwenyewe, kingi ikaingia ikakaa kwenye mstari mrefu, naye akaondoa mkono ubaoni. Akauliza kama umeiona wewe au chombo. Ukasema kweli, kwamba ni chombo. Akasema, "Nendeni nyumbani."

Ulinipigia ukilia, ukasema nimekuharibia. Nilikuambia umwache. Mtu akiguswa mahali kama pale ana haki ya kufunga mlango wake kwa muda bila kuitwa mkaidi.

Jumamosi baba yako akaja, shati limepigwa pasi. Akawatumbukiza wageni wawili kwenye Kisima, mashine ikiwa imezimwa, akawaacha wahangaike. Halafu akasema, "Sasa nawaonyesha mlango," akahamia upande wao, akatoa kete ya kwanza, akatoa ya pili, wageni wakasimama juu ya viti ili waone. "Mimi na binti yangu tumeupata," akawaambia. Injini hakuitaja. Mumeo alikuwa amesimama karibu na swichi, akakutazama, ukatikisa kichwa, akanyamaza.

Ukaniuliza kama umsahihishe baba. Hapana. Kuhusu ubao alisema kweli yote, mbele ya watu waliokuja kumwona akishinda, na wangapi kati yetu wanaweza? Injini haidai shukrani. Anayezistahili ni mumeo, kwa kunyamaza palepale alipokuwa na la kusema, na hizo zitoke kwako, leo, kwa maneno. Usidhani amezisoma usoni mwako.

Mwenyekiti naye mwambie hivi: kila injini itakapobadilishwa chochote, wakae wawili, fundi na mchezaji, wajiridhishe na sheria zilizochaguliwa, waiulize kwanza wanayoyajua kabla ya wasiyoyajua. Akitokea wa kusema imewaka basi inatosha, mwonyesheni Kisima.

Limebaki moja. Unasema sasa baba anakwenda klabuni kila siku kupambana nayo, inamfunga, anaitukana, na kwamba kabla ya kuanza lazima ampigie simu mumeo aje aiwashe, na mumeo analalamika kwamba ni kitufe kimoja tu. Mwambie aende kila anapoitwa. Na asiwe na haraka ya kumwonyesha hicho kitufe.