Vidonge vya Boroon

At-Bashy, mwezi wa pili

Kaka yangu Zamirbek,

Salamu nyingi zikufikie huko Urusi uliko. Mimi ni mzima. Kondoo wamevuka baridi isipokuwa wawili, na naomba kifua chako kiwe kimepona, wasikupandishe tena juu ya majengo yenye barafu. Habari za baba nitazifikia. Kwa kuwa tangu Desemba hupokei simu zetu, barua hii nampa jirani yetu Jyldyz, anayerudi huko Jumatatu. Tafadhali isome yote ndipo ukasirike.

Ulipotuachia mbwa wako Boroon ulisema nyumba ikishika moto tumtoe yeye kwanza. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka akaanza kutapika na miguu kumlegea, akawa analamba jiwe la chumvi pamoja na kondoo, nasi tukacheka. Siku alipoanguka na kushindwa kuinuka nikampeleka Naryn. Daktari Nurzat alimpima damu, akasema vitezi viwili vilivyo juu ya figo vimeacha kutoa homoni, na bila homoni hiyo chumvi ya mwili huvurugika mpaka moyo ukasimama. Akasema pia kwamba anaweza kuzeeka vizuri tu, mradi ameze dawa kila siku ya maisha yake. Wewe ukawa unatuma vidonge, mimi nikivificha ndani ya mafuta ya mkia wa kondoo. Wiki haikuisha, akarudia kufukuza kunguru uani.

Baba alitania sana. “Mbwa ana daktari wake! Mimi jino limeoza mwaka wa tatu, nani kanipeleka Naryn?” Lakini alifurahi, nilimwona.

Theluji ya kwanza ilipoanguka akasema atamtoa Boroon kuwinda mbweha, mara yake ya mwisho. Hakuwa amepanda farasi tangu mama afariki. Akaanza taptoo, kumkondesha mbwa kwa ajili ya mawindo, kama alivyokufundisha: mchuzi mwepesi tu, kamba fupi, mbio kila asubuhi, mpaka tumbo la mbwa liingie ndani na atetemeke akiona tandiko. Boroon hakukubali. Alimaliza ndoo ya maji, akakojoa kila mahali, akaniibia unga niliokanda. Baba akampapasa mbavu, akasema bila hasira, “Basi. Huyu hawindi tena. Wala mimi.” Akatundika tandiko ukutani.

Siku tatu baadaye Boroon akatulia. Baba akalitungua tandiko. Wiki iliyofuata mbwa alikuwa mwembamba, anatetemeka, na baba akaita majirani waje kumwona. “Tazameni! Yuko tayari!” Kila mtu alikubali, maana hivyo ndivyo mbwa wetu wa kuwinda, taigan, anavyoonekana akiandaliwa. Walipofika kilima cha pili Boroon akalala kwenye theluji. Baba alimleta juu ya farasi wake, amemfunika koti lake mwenyewe, na mbwa akafa jikoni kwangu kabla sijampata daktari kwenye simu.

Yaliyobaki unayajua, maana ni wewe uliyempigia baba simu. “Umemuua kwa njaa, mzee! Mbwa mgonjwa unamfanyia taptoo?” Nilikuwa nimekaa karibu, nilisikia. Baba hakubisha. Alisema, “Kweli, mwanangu,” ukakata simu. Tangu siku ile hali kitu ila mchuzi mwepesi. Nikimwekea nyama anasukuma sahani, anasema Boroon naye hakupewa. Mifupa ya mabega yake imetokeza, kaka. Sidhani kama ataona majani mapya.

Si njaa iliyomuua Boroon. Ni mimi.

Lile tandiko liliponing’inia ukutani sikuweza kulitazama. Nilijua ni dawa inayompa mbwa njaa na kiu, nikaacha kumpa. Siku tisa. Alipotulia nikajiambia amepona. Alipotapika nikafuta haraka baba asione. Daktari alikuwa amenionya mimi peke yangu: “Hivi si vitamini, dada. Ukiruka siku moja unacheza na roho yake.”

Na baba, uliyemwita muuaji, hakukosa kuuliza hata asubuhi moja kabla ya chai: “Bwana mkubwa kameza dawa yake?” Nami nilijibu kameza. Asubuhi ile akiwa amekwisha panda farasi aliniambia, “Leo ana kazi, muongezee.” Nikamjibu nimempa maradufu. Akanishukuru.

Ndani ya bahasha kuna kiberiti. Kifungue. Vidonge vya siku zile tisa vyote vimo, sikuweza kuvitupa.

Barua hii naitoa kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Jyldyz akiondoka naingia ndani kumwambia baba. Mimi usinipigie, nitaelewa. Mpigie yeye, asubuhi, kabla ya chai, saa ile aliyokuwa akiuliza.

Shangazi Kalipa anakusalimu, na watoto wake wote. Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi, mdogo wako,
Burulkan