Kisu ya Kipyegon Imekataa Kutoka

Wachuka!! Uko? Umekosa ngurario ya mwaka, harusi ya kimila kama hii sijawahi ona. Nimejificha nyuma ya jikoni kwa kina Tabby hapa Bahati, mbavu zinaniuma.

Si unajua ile kisu ya Kipyegon ya kwenda porini? Ile chuma inashika kutu ukiiangalia tu vibaya? Na vile ametuhubiria mwaka mzima: osha, kausha, paka mafuta, usiilaze ndani ya ala ya ngozi.

Sasa ameambiwa akate bega ya mbuzi, na usipokata hupewi bibi. Mamake Tabby akampa kisu ya jikoni. Yeye? "Asante mama, nimekuja na yangu."

Amekuja na yake!!

Akavuta. Ikakataa. Kumbe jana aliiosha akairudisha kwa ala ikiwa na maji, ikashika kutu huko ndani. Akavuta tena, jasho inatiririka. Tabby amefunika uso na leso. Mjomba mmoja akashika ala, Kipyegon akashika mpini, wakavutana.

Ikatoka PAP! Nyekundu kama mabati ya zamani.

Babake Tabby akaiangalia, akamwangalia Kipyegon. "Na msichana wetu utamweka hivi?"

Wachuka, nilikufa.

Mwishowe alikata na ile ya jikoni, vigelegele kila mahali. Mzee naye akatia ile ya kutu kwa koti. "Tabby utaenda naye. Hii inabaki, mpaka tuone msichana anatunzwa."

Unajua Kipyegon alijibu nini? Mbele ya wazee wote?

"Sawa mzee. Lakini tafadhali muipake mafuta."