Jumamosi Kumi na Moja za Uongo

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hata kama mwishoni utanikaripia, maana nimebakiwa na wiki tatu na sina mtu wa kumwambia. Mimi ni mwalimu wa dini katika sekondari ya masista, na binti yangu wa pekee anasoma hapo hapo, mwaka huu anajiandaa kupokea Kipaimara, na shule yetu ina utaratibu kwamba kila anayejiandaa anapewa daftari la huduma, anachagua mgonjwa au mzee mmoja, anamtembelea Jumamosi kumi na mbili na kuandika alichomfanyia, na mzazi anatia sahihi kila mara. Sisi tulimchagua jirani yetu, Bibi Fundi tunavyomwita, aliyeshona sare za shule miaka nenda miaka rudi hadi kiharusi kilipomlaza upande mmoja.

Mara ya kwanza binti alikwenda, akafua, akafagia, akarudi anacheka kwamba bibi kamfundisha kupiga pindo kwa mkono mmoja. Jumamosi ya pili kulikuwa na masomo ya ziada ya hesabu, na hesabu zinampiga chenga kweli kweli, nikamwambia nenda masomoni, bibi yupo tu, hakimbii, nikatia sahihi nikisema tutafidia, ya tatu hivyo hivyo, ya nne nikaanza kuandika mwenyewe kwa kuiga mwandiko wake, "leo nimemkata bibi kucha," "leo nimemsomea Injili," mpaka kumi na mbili zikatimia, na kila Jumatatu nasimama darasani nawaambia watoto wa wenzangu kwamba uaminifu ni kutenda mema hata pasipo na anayekuona. Naona aibu hata kuiandika.

Basi Sista mkuu kasoma madaftari yote, kalichagua la kwetu. Kwenye Misa ya kufunga muhula, wiki tatu zijazo, litasomwa mbele ya wazazi, binti atavishwa nishani, na Bibi Fundi ataletwa na kiti chake cha magurudumu akae mbele. Nikakimbilia kwa bibi, sijui hata nitasema nini. Akanishika kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Sista alipita kuuliza. Nikamwambia mtoto huja kila wiki, sikutaka muaibike. Ila mwanangu, mwambie aje basi, hata mara moja."

Nilirudi nyumbani nalia. Mume wangu anasema, "Funika kombe mwanaharamu apite, jamani, ni daftari tu hilo." Binti hasemi nami tangu juzi aliponiuliza, "Mama, kumbe yale unayofundisha ni ya watoto wa watu tu?" Nikisema ukweli naweza kupoteza kazi, na yeye akazuiwa Kipaimara huku wenzake wakipokea. Nimewaza nikaungame kwa padre kimya kimya, yaishe. Nifanye nini?

Mama Mwalimu

*

Mama Mwalimu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma. Ya pili, nilipofika kwenye zile kucha, nikakasirika. Mgonjwa amelala na kucha zake ndefu, wewe unaandika zimekatwa! Na siku zote hizo mko jirani. Haya, mtoto alikuwa kwenye hesabu. Wewe ulikuwa wapi?

Mumeo mwambie hivi: chini ya hilo kombe mmemfunika bibi wa watu, ambaye uzeeni kamdanganya mtawa ili awasitiri nyinyi.

Kuungama, kaungame. Lakini mwizi wa ng'ombe haungami huku anaendelea kumkamua. Nishani hiyo ina mwenyewe. Katika shule yenu bila shaka yupo msichana aliyekwenda Jumamosi zote, akafua mashuka yanayonuka, ila hajui kupamba maneno kama wewe. Huyo hujamtaja hata mara moja.

Sasa sikiliza. Kesho kabla ya kengele, nenda na binti kwa Sista mkuu. Useme wewe kwanza. Usiseme "tuliteleza", sema "niliandika uongo na nikamfundisha mwanangu kunyamaza." Yeye naye alijua, kwa hiyo aombe msamaha kwa mdomo wake. Bibi Fundi umtetee, uongo wake umetoka kwenu. Kipaimara kikiahirishwa, kiahirishwe, Roho Mtakatifu hafungi shule. Kuhusu kazi sikudanganyi: huenda ukaondolewa kwenye somo hilo, na itakuuma. Lakini swali la binti yako halijibiwi kwa mahubiri. Atajijibu mwenyewe akikuona unabisha hodi ofisini.

Jumamosi nendeni kwa bibi, wote wawili, bila daftari. Muombeni msamaha kabla hamjashika ufagio. Usimlilie, mpweke alikuwa yeye. Mkimaliza kazi, muulizeni wiki ijayo mje saa ngapi. Na mwende.