Barabara Kupitia Shamba la Bibi Thuraya

Jumamosi, 12 Septemba 1970

Ramani tena. Tumeitandika sakafuni maana meza haitoshi, na pangaboi likizunguka pembe zinainuka. Nimezibana kwa kopo la gundi, kamusi ya Kiarabu na viatu vyangu. Bwana Shauri kapiga magoti na penseli yake nyekundu, anaigawa nchi wilaya kwa wilaya kama anayekata mkate.

Bwana Shauri ni jina nililompa mimi. Mwingereza, mshauri wa ofisi ya ardhi. Alikuwa mkuu wa wilaya Tanganyika mpaka bendera yao iliposhushwa, na Kiswahili alichokuja nacho ni cha kuamrisha. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe, lete karatasi." Nikamwambia mtu mzima haambiwi hivyo, huambiwa tafadhali. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Sasa naitwa Bi Zuwena.

Kazi hii naiweza. Sioni haya kuliandika. Kiarabu nnacho, Kiingereza nnacho, taipu nilijifunza Kuwait, tulikokimbilia kutoka Unguja. Ofisi nzima hapa Maskati hakuna mwengine mwenye vyote vitatu.

Joto. Mama kanifungia sambusa, zimeliwa na makarani kabla ya adhuhuri.

Jumanne, 15 Septemba

Barabara ya kutoka Ruwi kwenda bara itapita Bawshar. Mstari umeshachorwa, unakata mashamba ya mitende. Wenyewe watapewa ilani, halafu fidia, halafu buldoza.

Ilani nimeifasiri mimi. Bwana Shauri kaitoa kwenye sanduku lake, ni sheria ya huko alikotoka. Kafuta jina la nchi ile, kaandika la hii. Nikamwuliza kama wenye ardhi wameulizwa. Akasema ilani ndiyo kuulizwa.

Sivyo. Baba alipotwaliwa shamba lake Unguja, Mzungu alikuja na kiti chake cha kukunja. Akakaa. Baba akasimama juu ya ardhi yake mwenyewe mpaka karatasi ilipokwisha kusomwa. Nilikuwa mdogo, nimemshika kanzu. Hasira ile nnayo mpaka leo na sitaki initoke.

Wanaume wote walio kwenye mstari wametia sahihi. Kabaki mwanamke mmoja, mjane, Bibi Thuraya. Hapokei nyumbani wanaume wasio jamaa zake. Kwa hiyo nitakwenda mimi.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimekwenda na gari ya serikali. Njia mawe matupu, kila mfupa unauma.

Bibi Thuraya ni mfupi, mkavu, ana macho makali. Nimemwamkia kwa Kiarabu. Kaniangalia ncha ya kanga iliyochungulia ndani ya buibui, akasema, "Wewe mtu wa Unguja." Kwa Kiswahili! Kiswahili cha Pemba hasa. Aliolewa Chake, kaishi huko mpaka mumewe alipotaka kurudi kuzikwa kwao. Nusura nimkumbatie.

Kahawa, tende, halua. Kisha nikatoa ilani. Hakuigusa.

"Karatasi hii haijanipa salamu," kasema.

Nilidhani haitaki barabara. Nimekosea. Binti yake alifia njiani, juu ya punda, akipelekwa hospitali ya Matrah kujifungua. Mtoto naye kafa. Kalisimulia bila chozi, huku ananijazia kikombe. "Barabara naitaka kuliko nyinyi nyote. Lakini hapo haipiti."

Hapo ni falaji, mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Unatokeza kwenye shamba lake, kisha unagawa maji kwa mashamba yote ya chini. Mstari wa Bwana Shauri unaukata pale unapotokeza. Bibi anamtaka aliyechora aje, aseme naye.

Nimempenda Bibi huyu. Nimerudi na ilani yangu mkobani.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimemweleza Bwana Shauri. Falaji anaijua, iko kwenye ramani. Ameamua ifukiwe na watu wapewe pampu ya dizeli. Ikiharibika? Ataitwa fundi. Fundi kutoka wapi? Hilo kaliruka. Halafu akasema Tanganyika watu walikuwa wakilalamika vivi hivi, na buldoza likishapita wanazoea.

Akataka ilani nikaipenyeze chini ya mlango wa Bibi, kisha nitie sahihi kuwa imepokewa. Nimekataa. Kapandisha sauti. Mimi sikupandisha.

"Bwana, ilani haikupokewa. Jina langu siliweki kwenye uongo. Ukitaka mtu mwengine, mtafute."

Nikatoka.

Mkandarasi haingoji sahihi yangu. Buldoza linaingia Bawshar wiki hii.

Jumatatu, 21 Septemba

Mama kakasirika. Tumepanga vyumba viwili hapa Darsait, juu ya karakana ya fundi magurudumu, na kodi inatoka kwenye mshahara wangu. Hatuna ndugu wa kutupokea. "Tumeshatoka nchi moja kwa kukimbia, Zuwena," kaniambia. "Mimi mbio nyengine siziwezi."

Nimemkanda miguu, akalala.

Ofisini kimya. Bwana Shauri kazi zangu ananitumia kwa karani, utasema sipo chumbani.

Naogopa. Basi, nimeandika. Lakini ilani ile siitii sahihi.

Jumatano, 23 Septemba

Niandike yote.

Asubuhi msimamizi wa mkandarasi kaja anahema. Buldoza limesimama Bawshar. Halikuharibika. Wanawake wa kijiji wamejaa kwenye falaji, wanafua, wanasugua masufuria, wanaogesha watoto, pale pale panapotakiwa kuchimbwa. Dereva ni Mbaluchi mwenye adabu zake. Kazima injini, kawapa mgongo, anasema yeye hasogelei wanawake wanaofua hata akipewa nini.

Bwana Shauri kaja mezani kwangu. "Bi Zuwena, tafadhali, twende."

Njiani nimemwambia avue kofia, na asikae mpaka akaribishwe. Kwamba Bibi anajua Kiswahili sikumwambia. Nilikusudia.

Bibi Thuraya alikuwa ukingoni mwa falaji, barakoa usoni, kakaa juu ya mkeka. Nyumbani hapokei wanaume, lakini nje, mbele ya wanawake wenzake wote, kakubali. Bwana Shauri hakungoja hata salamu, kaniambia kwa Kiswahili: "Mwambie huyu kizee kazi ya serikali haingoji nguo zikauke."

"Kizee mwenyewe anakusikia," kasema Bibi. "Karibu mkekani, bwana. Umechelewa."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Nilijiuma mdomo nisicheke. Kavua kofia. Kakaa, miguu yake mirefu hajui aiweke wapi.

Bibi kamwuliza khabari za safari. Kamwuliza kwao wapi, mama yake yu hai, ana watoto wangapi. Yule mtu akajibu yote, polepole, na kila alipojibu Kiswahili chake kikawa laini zaidi. Jua likapanda. Hakuna aliyetaja barabara. Nguo zikaendelea kufuliwa.

Mwisho Bibi akasema, "Haya. Sasa niombe."

Bwana Shauri akanigeukia mimi. "Nimwombe nini?"

"Ardhi yake," nikamwambia.

Akamwelekea mwenyewe. "Bibi," kasema, "serikali inaomba njia."

Bibi akainuka, sote nyuma yake. Hakutupeleka mbali. Juu kidogo, karibu na mlima, maji yanapita chini ya ardhi na barabara inaweza kupita juu yake bila kuyagusa. Lakini hapo ndipo ilipo mitende aliyopanda marehemu mumewe waliporudi kutoka Pemba, ya tende za khalasi tupu, bora kuliko yote kijijini. Kaonesha kwa mkono. "Pitisheni hapa."

Wanawake wakapiga kelele. Mmoja akamshika nguo, akimsihi kwa Kiarabu asifanye. Bibi kautoa mkono wake taratibu. "Yangu mimi. Falaji ni ya watu."

Bwana Shauri katazama mitende muda mrefu. Akatoa penseli.

Alhamisi, 24 Septemba

Mstari umehamishwa. Mkandarasi analalamika kuwa njia imerefuka. Alalamike.

Bibi ana sharti moja. Ilani inasema ardhi imetwaliwa. Yeye anataka iandikwe kuwa ameombwa na ametoa. Bwana Shauri kasema sheria hailijui neno hilo. Nikamwambia sheria yenyewe juzi tu imefutwa jina la nchi ikaandikwa jengine, haishindwi kujifunza neno. Nikaketi kwenye taipu, nikaandika alivyotaka Bibi. Bwana Shauri kasoma mara mbili, akatia sahihi.

Halafu akabaki amesimama. Akasema huko Tanganyika alitia sahihi ilani nyingi, na hakumbuki uso wa mwenye shamba hata mmoja. Sikumfariji. Si kazi yangu.

Jioni nimemwambia Mama kuwa sikufukuzwa. Kasema alhamdulillahi, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 1 Oktoba

Leo mitende imekatwa. Nilikwenda, nisingeweza kukaa ofisini.

Mtende ukianguka hautoi sauti kubwa. Unatoa vumbi. Bibi hakutoka kuangalia. Alikuwa uani na majirani, wanapasua vichwa vya mitende na kutoa moyo wake, ule mweupe, mtamu, unaoliwa siku mtende unapokufa. Kila nyumba kaipelekea sahani. Mimi kanifungia kipande kikubwa ndani ya ukuti.

"Mumeo angesema nini?" nimemwuliza. Swali la kijinga.

"Angegomba," kasema. "Halafu angekwenda kumwonesha yule dereva wapi pa kuanzia."

Nimelia garini mpaka Ruwi. Nimefurahi, na moyo umenivunjika.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimempeleka Mama Bawshar. Barabara bado ni changarawe, lakini gari inakwenda na mgongo hauumi. Tumepita juu ya falaji bila hata kujua tumeipita.

Bibi Thuraya katukaribisha uani. Mama mwanzo alikaa na buibui lake lote mwilini kama mtu anayengoja kuondoka. Bibi akamtajia mtaa mmoja wa Chake. Mama, aliyekulia Chake kabla ya kuolewa Unguja, akataja nyumba. Wakaanza: nani alimuoa nani, nani kafa, nani yuko Dubai, mkate wa kumimina wa nani ulikuwa hauna mfano. Mimi nikawa sina kazi. Nimeosha vikombe.

Baada ya sala ya alasiri wakashuka falajini. Mama kavua viatu, kakunja nguo, katia miguu majini. Bibi katia yake pembeni. Vijisamaki vidogo vikaja kuwadonoa vidole, Mama akacheka.

Kesho ofisini tunaanza ramani ya wilaya nyengine. Nimemaliza kuchonga penseli.

Pale falajini magharibi ikakaribia. Mama hakuuliza tunarudi saa ngapi.