Nusu ya Wimbo wa Noeli

Jumapili, 1 Desemba

Wiki nzima kushona. Magauni ya sikukuu, suruali za watoto, kila mteja anataka yake iishe kwanza. Leo nimefunga kibanda, nikaenda kanisani. Majilio yameanza.

Baada ya misa nikawakalisha wanakwaya kwenye ngazi za ukumbi. Mimi ndiye mwalimu wao. Nikawaambia kila mmoja ataje wimbo wa Noeli anaoupenda kuliko zote, tuchague za mkesha na za siku yenyewe. Zimekuja nyingi mno. Nusu ni za kwenye simu, za kinanda na kucheza. Bwana Chilumba, mwenyekiti wetu, anazitaka hizo. Anasema vijana wanatukimbia kwa sababu tunaimba kama tuko msibani.

Nyumbani nikamuuliza na mama. Ameacha kwaya tangu magoti yaanze kumsumbua, lakini aliimba tangu usichana. Nilidhani atasema zote ni nzuri. Akataja palepale: Nani Atabaki na Kondoo.

Siujui. Na padri haujui. Lakini mama si mtu wa kuomba kitu. Nitaupata.

Jumatatu, 2 Desemba

Mama kaniimbia jioni, tunabangua korosho za kula. Maneno anayo yote. Wachungaji wanaondoka kwenda Bethlehemu, mmoja anabaki na kundi, wenzake wanamletea habari asubuhi. Maneno mazuri sana. Sauti yake sasa: imekaa palepale, inapanda kidogo, inarudi. Haiendi popote. Nimemrudisha mwanzo mara kadhaa ndipo nikaelewa. Anaimba sauti ya pili. Ya kwanza, yenyewe inayobeba wimbo, haijui.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi nilikuwa sauti ya pili, Esta. Ya kwanza walikuwa nayo wengine."

Mwalimu aliyeutunga alishafariki. Hakuna aliyeuandika.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda Lukuledi. Kuna mzee mmoja wa kwaya ya zamani anaishi huko kwa binti yake. Kanipokea vizuri, kanipa embe. Wimbo anaukumbuka. Lakini aliimba sauti ya nne. Akanguruma wee mpaka wajukuu wakaacha kucheza. Sasa nina ya pili na ya nne. Wimbo bado sina.

Wakati naaga akasema, "Sauti ya kwanza ilikuwa Agnes. Wengine tulikuwa tunamfuata tu. Si mama yako mdogo yule?"

Ni yeye. Mama alijua tangu mwanzo ni nani, akanyamaza.

Ijumaa, 6 Desemba

Niandike tu, maana nyumbani jambo hili halisemwi.

Mama mdogo Agnes aliolewa Newala na Mwislamu, akabadili dini. Sasa anaitwa Mwanaisha, watu wanamwita Mama Hamisi. Mama hakwenda harusini. Babu alipofariki, mama mdogo alikuja kumzika baba yake. Mama akasema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu ameacha wana wa kiume na binti mmoja. Nilikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia. Mama mdogo alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Hawajasemezana tena.

Leo nimemwambia mama nakwenda Newala.

"Kama ni kwa huyo, wimbo uachwe."

Nikamwambia nitakwenda. Hakula. Kanipa mgongo mpaka analala. Naogopa. Nitakwenda tu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, soko limepoa. Nimepanda Newala. Huko juu hewa baridi, ukungu mpaka saa nne.

Mama mdogo nimemkuta uani anachambua mbaazi. Amezeeka kama mama, uso uleule. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Akaniangalia sana. "Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Amenikataza."

Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha kuchambua. Kisha akasema ninywe chai, nile, nirudi salama. Mambo hayo aliyaacha. Hakusema kwa ubaya. Baba Hamisi alikuwa barazani, kofia kichwani, anatusikia. Hakuingilia.

Nilikunywa chai. Nilitaka kulia, nikaona nisilie. Nikasema basi nimwimbie ninachokijua, anisikie tu. Nikaimba sauti ya pili kama mama anavyoimba. Ubeti wa kwanza akaendelea kuchambua. Wa pili, ule mstari wa asubuhi, akainua mkono.

"Hapo unapanda. Usingoje. Dada alikuwa anachelewa hapohapo kila siku. Mwalimu akamgombeza mpaka akachoka."

Amemwita dada. Nikarudia. Safari hii akaingia juu yangu, midomo imefungwa, bila neno hata moja. Wimbo wote ukafunguka. Ni mzuri kuliko nilivyodhani.

Nikamuomba nirekodi. Akamtazama mumewe. Baba Hamisi akasema, "Mpe mtoto. Sauti ni yako."

"Maneno sitasema," akaniambia. "Hayo si yangu tena. Sauti chukua."

Nimerekodi. Kanifungia mbaazi za kwenda nazo. Hakusema ni za nani.

Jumanne, 10 Desemba

Nimemwambia mama nimeupata. Nikataka kumsikilizisha. Akatoka jikoni. Mbaazi kazipika, kazila, hakuuliza zimetoka wapi. Nina hasira naye. Sijawahi kuandika hivyo.

Jumamosi, 14 Desemba

Kura. Bwana Chilumba alisema wimbo ambao hakuna anayeujua utatuaibisha, Noeli imefika. Nikawaimbia sauti ya kwanza peke yangu, ubeti wote, na maneno. Nilipomaliza, Bwana Chilumba akauliza kinanda kitaingia wapi. Nikamwambia hakiingii.

Amekunja uso. Lakini mikono ilinyooshwa mingi. Umepita. Zake za kinanda zimepita pia, na ni haki, watoto watacheza.

Sauti ya tatu sina. Nitaitunga mwenyewe.

Jumatano, 18 Desemba

Mazoezi kila jioni. Vidole vinauma kwa mkasi. Sauti ya pili wananisumbua, ni wasichana tu, wanavutwa na ya kwanza. Nilimwomba mama aje awashike. Akasema magoti.

Wala si magoti.

Jumamosi, 21 Desemba

Mama amekuja.

Tulikuwa katikati ya ubeti. Nikaona wasichana wanasogea kwenye benchi, naye huyo na fimbo yake, anakaa. Sikumwangalia. Niliogopa nikimwangalia ataondoka. Nikaanzisha upya. Sauti yake imechoka lakini haiyumbi, wasichana wakaishika palepale. Kwenye mstari wa asubuhi akachelewa kupanda.

Nikasimamisha kwaya. Nikasema mbele ya wote, "Mama, hapo tunapanda bila kungoja."

"Nani kasema?"

"Mama mdogo."

Mama akaangalia fimbo yake. Nilijua akinyanyuka sasa, basi tena. Nilikuwa tayari. Nisingeomba radhi.

"Rudia," akasema.

Tukarudia. Akapanda na wenzake.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mvua asubuhi, watu wameloa, kanisa limejaa hadi mlangoni. Za kinanda zilichangamka, Bwana Chilumba alicheza mpaka tai ikageuka. Kisha tukaimba wa mama. Hakuna aliyecheza. Baada ya ubeti wa pili wazee wawili kule nyuma walianza kuimba nasi. Kumbe walikuwepo wanaoujua, nami sikuwauliza. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Mama hakukosea mahali popote.

Tumekula pilau. Baada ya kula akaniomba simu. Nimpigie yule, akasema. Nikapiga, nikamkabidhi, akaenda nayo nyuma ya jiko. Nilisikia anasema "Agnes," kisha akasema "Mwanaisha." Nikaondoka pale. Mengine si yangu.

Aliporudi macho mekundu. Akauliza kama mabasi ya Newala yanatembea sikukuu.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimempeleka. Baba Hamisi alitupokea barabarani na mwavuli, akambebea mama mfuko, kisha akaenda zake msikitini. Mama mdogo alikuwa mlangoni. Mdogo ndiye anayeamkia, akaanza, "Shikamoo, dada." Mama hakuitikia. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Nilisema uongo siku ile ya baba. Walisikia wote." Mama mdogo akasema, "Ingia ndani, mvua hii."

Wameshinda jikoni. Nilisikia wanabishana kuhusu nazi, nani aliiharibu, mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa.

Jioni nikamwambia mama basi linaondoka. Akasema nitangulie. Nimtumie kwa dereva dawa zake za presha na kanga mbili.

Sikumuuliza anarudi lini.